Ndege Mdogo, Msitu wa Giza: Lenzi, Kamera na Programu Ipi Itakupunguzia Chenga?

Ukitaka picha ya simba katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, karibu lenzi yoyote ndefu itakufaa. Nyika iko wazi, jua linawaka, na simba mwenyewe hana haraka. Ndege wa sentimita kumi ndani ya Msitu wa Karura, hapohapo Nairobi, ni habari nyingine. Juani, kwa f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na shata ya 1/800 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia), ISO 200 (kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga huo) inatosha. Ingia chini ya mihugu na mikinduri asubuhi ya Julai, wingu limetanda, weka f/6.3 na shata ileile, na utajikuta kwenye ISO 10,000 au karibu na hapo. Ukifungua picha nyumbani unakuta mgongo wa ndege umejaa chenga, zile punje za ovyo za picha ya gizani, na mandhari ya nyuma uliyotaka iwe laini imetapakaa vidoto vya zambarau na kijani.

Hapo ndipo watu huanza kuuliza wanunue nini, na wengi huanzia kwenye kamera: "Hii inavumilia ISO ngapi?" Kwa maoni yangu wanaanzia mwisho. Mimi ningepanga hivi: lenzi na umbali kwanza, shata pili, programu ya kusafishia tatu, kamera mwisho. Sababu zake ni hesabu ndogo ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa simu akiwa ndani ya matatu.

ISO inasingiziwa

Mwanga hufika kwenye kihisi cha kamera kwa chembechembe, yaani fotoni, nazo haziji kwa zamu. Zinakuja ovyo. Sehemu ya kihisi iliyotarajiwa kupokea fotoni 100 mara itapata 90, mara 110. Inayumba kwa asilimia 10 hivi. Iliyotarajiwa kupokea 10,000 inayumba kwa asilimia 1 tu. Kuyumba huko ndiko tunakokuona kama chenga. Ongeza mwanga mara 4, chenga zinapungua nusu. Kazi ya ISO ni kukuza kilichokwisha kuingia, kiwe safi kiwe kichafu.

Ndiyo maana yule anayeogopa ISO, akaiacha kwenye 800 na kupiga picha nyeusi ili aje kuing'arisha kwenye kompyuta, hajaokoa kitu. Fotoni ni zilezile chache. Chenga atazikuta zinamngoja, na kwa kamera nyingi za zamani zitakuwa mbaya zaidi, kwa sababu uchafu wa saketi za kamera yenyewe umepandishwa pamoja nazo. Ukishaamua shata na f, iache ISO ipande. Ndege akiwa juu kwenye tawi na anga jeupe liko nyuma yake, ongeza mwangaza kwa +1 hadi +2 kwenye kirekebishi cha mwangaza cha kamera hata kama anga litapotea kabisa. Anga la Nairobi la Julai halina cha kuonyesha.

Lenzi na kihisi ni kama paa na tangi la kuvunia maji ya mvua: ukubwa wa paa ndio unaoamua lita ngapi zinakusanywa, na tangi kubwa chini ya paa dogo hubaki nusu tupu.

Lenzi: gawanya kabla ya kununua

Chukua urefu wa lenzi, ugawanye kwa namba yake ya f. Jibu ni kipenyo cha tundu ambalo mwanga wa ndege unapitia.

| Lenzi | Kipenyo cha tundu | Uzito, takriban |
|---|---|---|
| 100-400mm f/5.6-8, ikiwa 400 | mm 50 | gramu 635 (Canon RF) |
| 70-300mm, ikiwa 300 kwa f/5.6 | mm 54 | hutegemea modeli |
| 600mm f/11 | mm 55 | gramu 930 (Canon RF) |
| 70-200mm f/2.8, ikiwa 200 | mm 71 | kilo 1.1 hadi 1.5 |
| 400mm f/5.6 | mm 71 | kilo 1.25 (Canon EF) |
| 300mm f/4 | mm 75 | gramu 755 (Nikon PF) |
| 150-600mm f/5-6.3, ikiwa 600 | mm 95 | kilo 1.9 (Sigma Contemporary) |
| 600mm f/4 | mm 150 | kilo 3 na zaidi |

Mwanga unafuata eneo la tundu, kwa hiyo zidisha kipenyo kwa chenyewe kabla ya kulinganisha. Mstari wa mwisho usikuumize kichwa. Hiyo ni bei ya gari. Ushindani wa kweli uko katikati ya jedwali.

Tuchukue 300mm f/4 dhidi ya 150-600mm. Kwenye karatasi, ile ya f/4 ndiyo yenye mwanga: mahali ambapo 600mm kwa f/6.3 inadai ISO 10,000, hii inadai 4,000 tu. Watu huishia hapo na kununua. Lakini ndege wa 300mm anatoka nusu ya upana na nusu ya urefu wa yule wa 600mm, na bila shaka utaikata picha kumzunguka ili aonekane. Ukishamkata, linganisha mwanga uliotoka kwa ndege mwenyewe: 75 mara 75 ni kama 5,600, 95 mara 95 ni kama 9,000. Lenzi ya ISO 10,000 imekusanya mwanga mara 1.6 zaidi, na imempa ndege pikseli mara 4. Picha yake, zote mbili zikiwekwa kwenye skrini kwa ukubwa mmoja, ndiyo yenye chenga chache.

Je, 300mm f/4 haina maana? Ina maana sana ukiwa mtu wa kukaribia. Ile ya Nikon PF inalenga kitu kilicho mita 1.4 tu mbele yako, wakati Sigma Contemporary inataka mita 2.8. Kwa chozi anayenyonya maua ya mshubiri nje ya dirisha la jikoni, tofauti hiyo ni picha au hakuna picha. Tena f/4 inaipa kamera mwanga zaidi wa kutafutia fokasi, na gizani kamera isiyoona hutangatanga mbele na nyuma huku ndege akienda zake. Halafu kuna shingo. Gramu 755 unazibeba kutoka lango la Limuru Road hadi kwenye mapango na kurudi bila kuzikumbuka. Hata hivyo, kama ningepewa nafasi ya lenzi moja tu kwa Karura, ningechukua 150-600 na kulalamika njia nzima.

Jozi ya pili ni 600mm f/11 dhidi ya 150-600. Zote zinafika 600, ya kwanza ni nusu ya uzito, na hapo ndipo mtu anaponaswa. Tundu la milimita 55 linakusanya theluthi moja ya mwanga wa tundu la 95. Kwa heroe wa Magadi saa nne asubuhi, f/11 ni raha tupu: nyepesi, kali, haichoshi mkono. Kwa kurumbiza chini ya kichaka, siipendekezi kwa mtu yeyote. Na 100-400 ya f/8 nayo iko kundi hilohilo, ingawa ni lenzi nzuri ya safari.

Jozi ya tatu inawahusu wapiga picha wa harusi, nao Nairobi imejaa. Tayari wana 70-200mm f/2.8, na Jumatano hawana kazi. Angalia jedwali: tundu lake ni sawa kabisa na la 400mm f/5.6. Kinachokosekana ni pikseli kwenye ndege. Konvata ya 2x, kipande cha vioo kinachoingia kati ya lenzi na kamera, inaifanya kuwa 400mm f/5.6, tundu halibadiliki, mwanga wa ndege ni uleule kasoro kidogo unaomezwa na vioo vya ziada, na ukali hushuka kiasi. Usiiuze lenzi hiyo ili ununue ya ndege. Jaribu konvata kwanza, hata ya kukodi kwa siku moja.

Ukienda kwa mkono wa pili, na wengi wetu huko ndiko tunakoishia, nenda na tochi. Toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu hadi mwisho, mulika kutoka nyuma na utazame kutoka mbele kwa pembe. Muuzaji atakuambia, "Boss, hiyo ni vumbi tu." Vumbi ni vidoto vilivyosimama peke yake, vichache havidhuru picha. Kuvu ni nyuzi nyembamba zenye matawi, kama utando wa buibui, na mara nyingi huanzia ukingoni mwa kioo. Hizo zikiwepo, rudisha lenzi kaunta na uage kwa heshima.

Mita sita ni bei rahisi kuliko kioo

Ndege akiwa mita 12, mwanga unaotoka kwake na kuingia kwenye lenzi yako ni robo ya ule ungeupata akiwa mita 6. Mara nne! Kutoka tundu la milimita 75 hadi lile la 150, yaani kutoka lenzi ya kawaida hadi ile ya bei ya gari, unapata mara nne hizohizo. Kwa hiyo swali la kufuata ndege au kumngoja si la tabia tu, linaingia moja kwa moja kwenye chenga.

Kumfuata kuna raha yake, na kwa anayetaka kuona aina nyingi ndiyo njia. Matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, ni ya kujifunza sauti na majina. Kwa picha, kundi la watu kumi na tano linatembea haraka mno na ndege hukaa mbali nalo. Nenda nao ujue nani anaishi wapi, kisha rudi peke yako au na mwenzako mmoja, ukae.

Ukae wapi? Muhuti unapochanua, chozi hawauachi. Dimbwi dogo kando ya njia siku za kiangazi huleta shore na wale kijani wadogo wenye pete nyeupe machoni, Zosterops kikuyuensis, kundi zima kwa mpigo. Msafara wa siafu huvuta ndege wala wadudu wanaokuja kuokota panzi na buibui wanaokimbia. Simama kando, chomeka suruali ndani ya soksi, ungoje. Kuna wanaocheza sauti ya ndege kwenye simu ili aje. Anakuja kweli, akidhani kuna mvamizi, na anaacha kula au kulisha makinda yake kupigana na spika. Siifanyi, wala sioni picha inayostahili hilo. Penye kiota pia, pita.

Halafu chagua ukingo, si kina cha msitu. Pale Karura kwenye bwawa la mayungiyungi, au City Park mahali msitu wa asili unapokutana na nyasi, ndege anayetoka hatua mbili tu nje ya kivuli anapata mwanga maradufu au zaidi. Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa 1907, ina miti iliyopandwa kwa nafasi, na kwa anayeanza mwanga wake ni mwepesi kuliko wa Karura, ingawa wikendi kelele za watu ni nyingi.

Kuhusu saa: Nairobi jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na linapanda wima, hivyo mapambazuko ni mafupi. Ndege wanaimba sana kabla ya saa moja, lakini ndani ya msitu hapo bado ni giza la ISO 25,600. Kati ya saa mbili na saa tatu na nusu ndege bado wako kazini na mwanga umeongezeka mara kadhaa. Januari na Februari, baada ya hapo jua hupenya majani kwa mabaka, na nusu ya ndege inaungua, yaani inageuka nyeupe tupu, huku nusu nyingine ikizama gizani. Julai haina mabaka. Mwanga ni mchache lakini ni sawasawa, na chenga husafishika. Bega jeupe lililoungua halirudi. Mimi nachagua Julai.

Shata: kasi au subira

Hapa ndipo robo tatu ya tatizo inapomalizwa bila kutoa shilingi. Mtazame kurumbiza wa Rüppell, Cossypha semirufa, akila chini ya kichaka. Anaruka mara tatu nne, anageuza jani, kisha anasimama wima, mkia ukishuka polepole, kichwa kimeinama upande mmoja. Anakaa hivyo kwa sekunde moja hivi, kisha anaruka tena. Ukimpiga akiruka unahitaji 1/800 na ISO 10,000. Ukimngoja asimame, 1/200 inatosha, na ISO inashuka hadi 2,500. Ni ndege yuleyule, lenzi ileile, dakika ileile. Ukiwa na lenzi yenye kizuia mtikisiko na ukaegemea mti, hata 1/100 inawezekana. Piga mfululizo wa picha kumi, moja au mbili zitakuwa kali.

Kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Chozi anayening'inia kwenye ua akipigapiga mabawa atatoka ukungu kwa 1/200 hata ukifunga kamera kwa saruji. Kwake nenda 1/1000 na zaidi, ukubali chenga. Chenga zinasafishika, ukungu wa mwendo hausafishiki.

Kwa hiyo ukikutana na ndege usiyemtarajia, tuseme yule wa mkia mrefu wa rangi ya kutu, Terpsiphone viridis, ametua mbele yako: piga kwanza kwa kasi kubwa upate ushahidi, kisha shusha shata hatua kwa hatua kadiri anavyoendelea kukaa. Akiruka mapema, una kitu. Akikaa, una kitu kizuri.

Monopodi au tripodi? Monopodi, ya mguu mmoja. Njia za Karura zina baiskeli na wakimbiaji, na ndege hawangoji ufungue miguu mitatu.

Na flashi? Inaweza kufanya kazi, na wapo wanaoipenda kwa sababu inarudisha rangi za kung'aa za chozi ambazo kivuli kinazizima. Tatizo ni kwamba mandhari ya nyuma yanageuka meusi kana kwamba ni usiku, na jicho la ndege hupata nukta nyeupe ya bandia. Nguvu ndogo sana, ya kujazia tu, sina ugomvi nayo. Kwa bundi na ndege wengine wa usiku, hapana.

Kamera: milimita sita ni milimita sita

Ndege wa sentimita 10, akiwa mita 10, kupitia lenzi ya 600mm, anaacha taswira ya milimita 6 kwenye kihisi. Kihisi kiwe cha fremu nzima chenye upana wa milimita 36, au cha APS-C cha Canon chenye 22.3, ndege ni milimita 6. Kwenye fremu nzima amechukua moja ya sita ya upana, na utamkata. Ukishakata, umetupa eneo lote ulilolilipia. Faida ya fremu nzima, ambayo ni eneo mara 2.4 hadi 2.6, inapatikana tu ukiweza kumkaribia ndege hadi aijaze fremu. Kwa ndege mdogo wa msituni hilo hutokea mara chache.

Linganisha basi kamera mbili ambazo mtu wa Nairobi anaweza kuzikuta mbele yake. Nikon D750 ya 2014, fremu nzima, megapikseli 24, mkono wa pili. Canon R7 ya 2022, APS-C, megapikseli 32.5. Zile milimita 6 za ndege kwenye D750 ni kama pikseli 1,000. Kwenye R7 ni kama 1,870. Pikseli za R7 ni ndogo na kila moja ina chenga zaidi ukiitazama kwa karibu, na hapo ndipo watu huilaumu. Zipunguze hadi ndege alingane kwa ukubwa, na chenga zinakaribiana sana.

Tofauti kubwa iko kwenye fokasi. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), tangu Canon R5 na R6 za 2020, zinamtambua ndege na kushika jicho lake. Katika kichaka chenye vijiti kumi mbele ya ndege, DSLR ya zamani, yaani kamera yenye kioo hicho, hushika kijiti kilicho karibu, na wewe unagundua nyumbani. Halafu kuna mlio wa kioo: kurumbiza aliye mita 4 husikia "klak" ya kwanza, na ya pili humkuti. Kamera isiyo na kioo inaweza kupiga kimya kabisa.

Kwa hiyo kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, na una kamera yoyote ya miaka kumi iliyopita, nunua lenzi. Kama lenzi tayari ni ya tundu la milimita 90 na zaidi, ndipo kamera yenye kutambua ndege inapoleta picha ulizokuwa huzipati. Anayebeba mizigo kwa shida atazame pia mfumo wa OM-1: kihisi ni kidogo zaidi, lakini 300mm f/4 yake ina tundu lilelile la milimita 75, na kwa ndege anayekatwa hasara yake ni ndogo kuliko watu wanavyosema.

Programu: bure, ya mwezi, au ya mara moja

Piga RAW, yaani faili la kamera ambalo halijachakatwa. JPEG imekwisha kusafishwa na kamera kwa haraka, manyoya yamelainishwa, hayarudi.

Ya bure ni darktable, kwa Linux, Windows na Mac. Kifaa chake cha kupunguza chenga kinatumia vipimo vya kila modeli ya kamera kwa kila ISO, kwa hiyo hakibahatishi. Kinataka uvumilivu. Safisha chenga za rangi kwa nguvu, kwa sababu vile vidoto vya zambarau havina habari yoyote ya ndege. Chenga za mwangaza ziguse kidogo tu. Hadi ISO 3,200, matokeo yake hayana cha kuonea wivu programu ya kulipia.

Juu ya ISO 6,400 mambo yanabadilika. Programu za akili mnemba zinashinda, na zinashinda kwa mbali. Lightroom iliongeza kifaa chake cha Denoise Aprili 2023: kitelezi kimoja, kinaanzia 50, na kwa ndege mdogo mimi hukirudisha kati ya 25 na 40. DxO, wenye DeepPRIME tangu 2020, wanauza PureRAW, inayosafisha chenga wakati uleule inapojenga rangi kutoka RAW, kisha inanoa picha kulingana na lenzi inayoijua. Kwa jicho langu PureRAW inatunza manyoya madogo vizuri kidogo. Lightroom unailipia kila mwezi na kwa dola, na shilingi inapoteleza unalijua hilo. PureRAW unainunua mara moja. Mtu anayepanga, kuhariri na kutuma kazi za wateja tayari ana Lightroom, basi asiongeze. Asiye nayo, darktable pamoja na PureRAW ni ndoa nzuri. Topaz Photo AI inakubali hata JPEG, kwa hiyo ndiyo ya kufufulia picha za zamani ambazo RAW yake haipo.

Zote hizi za akili mnemba zinategemea kadi ya michoro. Kwenye laptop ya kawaida ya ofisini, picha moja inaweza kula dakika kadhaa huku feni ikivuma. Chuja kwanza: kati ya mia tatu, chagua tano, hizo ndizo uzisafishe.

Na ziangalie kwa jicho la mashaka. Pete nyeupe ya Zosterops imetengenezwa na vinyoya vidogo sana. Programu iliyosukumwa mno inaigeuza kuwa pete laini ya plastiki. Kinda wa kurumbiza ana madoa kifuani, na madoa hafifu kwenye ISO 12,800 yanaweza kudhaniwa ni chenga na kufutwa. Kwa anayechangia rekodi kwenye Kenya Bird Map, mradi wa kurekodi ndege wa Kenya, doa hilo ndilo linalotambulisha umri. Tunza faili la asili, na ukimwuliza mjuzi ndege ni nani, mtumie hilo.

Dawa ninayoitegemea zaidi ni kugawanya picha. Chenga zinaonekana vibaya kwenye mandhari laini ya nyuma, wakati manyoya, kwa mchoro wake, huzificha. Mchague ndege peke yake, umpe usafishaji mdogo, kisha mandhari uyasafishe utakavyo. Hayana manyoya ya kupoteza. Kwa bundi anayelala mchana bila kusogea kuna njia nyingine: piga picha 8 kamera ikiwa imetulia, uzichanganye kwa wastani, na chenga hushuka hadi karibu theluthi.

Kabla ya yote hayo, jiulize picha inaenda wapi. Picha ya upana wa pikseli 6,000 ikipunguzwa hadi 1,500, kila pikseli 16 zinakuwa moja, na chenga zinapungua hadi robo zenyewe. Kwa WhatsApp na Instagram, ISO 6,400 iliyopokea mwanga wa kutosha haihitaji zaidi ya kusafishwa rangi. Ukutani ni hadithi nyingine: A3 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli zipatazo 4,960 kwa 3,500, na hapo kila kosa la programu linaonekana. Kata kipande cha kichwa na kifua kwa kipimo kilekile cha A3, kichapishwe kwenye karatasi ndogo, ukitazame ukiwa umesimama karibu nacho, ndipo ulipie karatasi nzima.